Meno Yangu Hayana Kasoro, Shangazi

S.L.P. 418,
Ibra,
Sharqiyah Kaskazini,
Oman.

Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Kudura,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya njema, miguu imepungua kuvimba na cherehani imepata mkanda mpya. Binamu Ngwali hajambo huko Mwanza? Bado anasema atakuja kwako Tabora mwisho wa mwezi na mwezi unaisha bila yeye? Msalimie sana.

Sisi huku wazima. Bibi anasumbuliwa na magoti lakini kila asubuhi anatembea mpaka nyumba ya tatu na kurudi, na akirudi anatuhadithia habari za nyumba zote tatu. Baba na Mama wanaendelea na kazi. Mdogo wangu Azzan amepata alama nzuri za hisabati na ametangaza mpaka kwa muuza gesi. Joto limepungua, tumeanza kukaa uani alasiri.

Barua hii anakuletea Mudrick, yule kijana wa mtaa wenu anayefanya kazi kwenye ghala hapa Ibra. Anarudi likizo Jumatano. Ndani ya mfuko utakuta halwa, tende na vitambaa viwili alivyochagua Mama. Barua nitaifunga kwa gundi. Sikutuma sauti kwa simu, kwa sababu kwenye kundi letu la ukoo tupo watu sitini na wanne, na ujumbe wako binafsi najua anayekufungulia ni binti wa jirani. Ninayotaka kukuambia ni ya kwako peke yako. Pia kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema, nawe ndiye uliyenizoesha kwa vile vitabu ulivyokuwa ukiniletea kila anapopatikana msafiri.

Nianze na meno.

Mwaka huu mzima umekuwa ukiniuliza habari za meno yangu, na mimi nimekuwa nikikujibu kwamba yanaendelea vizuri. Ukoo wote uliambiwa kuwa kila Jumamosi ya pili Baba ananipeleka Nizwa kufungwa waya wa meno. Wewe ukaomba picha. Nikakutumia niliyofunga mdomo, ukaandika, "Mbona umefunga mdomo kama benki siku ya Idi?" Watu walicheka sana siku ile. Mimi nilizima simu.

Meno yangu hayana kasoro, Shangazi. Hayajawahi kufungwa waya. Nizwa ninakwenda kwa daktari wa nafsi, yaani mtaalamu wa saikolojia anayetibu watu kwa mazungumzo. Tulichagua Nizwa, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari, kwa sababu hapa Ibra ukikaa kwenye kiti cha kungojea, aliyekaa kando yako lazima awe binamu wa mtu. Neno la meno alilitunga Mama kwenye simu, aliulizwa ghafla, na baada ya hapo ikabidi sote tulishike.

Ninakuambia sasa kwa sababu ya ile sauti uliyotuma kwenye kundi mwezi uliopita. Nakumbuka maneno yako karibu yote. Ulisema daktari wa hospitali amekupima presha, akakuuliza unalala saa ngapi, kisha akakuandikia karatasi uende Jumatatu kwa mshauri. "Eti nikazungumze na mtu! Mimi nikazungumze na mtu nisiyemjua, na ninyi mko humu watu sitini? Nimeichana karatasi yake, nikawashia jiko." Wakaja wa kucheka. Mmoja akasema huyo mshauri aje yeye kwako, atatoka analia. Mimi niliyekuwa nakwenda kwa mtu wa namna hiyo tangu Februari, nilisoma yote na sikuandika hata neno moja. Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu hapo.

Kuna kitu kingine. Mimi ndiye ninayemwekea Bibi sauti zako, kwa kipaza, kwa sababu masikio yake hayashiki simu. Kwa hiyo nilisikia ulivyomwambia kwamba tangu Baba Ngwali afariki, mwaka na nusu sasa, bado unapika wali wa watu wawili, unapakua sahani mbili, kisha ya pili unampelekea jirani. Ulilisema kama mzaha, kwamba jirani ananenepa. Bibi alicheka, halafu akaniambia nizime, akaenda kutawadha na haikuwa wakati wa sala.

Nitakueleza huko Nizwa kuna nini, kama nilivyoona, bila kupamba. Wewe utaamua.

Shida yangu unaijua nusu. Mnasema Rasha ana haya. Nyumbani nasema kama watu wote. Lakini shuleni, nikiitwa jina ili nijibu, maneno niliyokuwa nayo yanakuwa kama yako chumba kingine na mlango umefungwa. Mwaka jana, nikiwa darasa la kumi, nilianza kuumwa tumbo siku za kusoma mbele ya darasa. Tumbo lilikuwa linauma kweli. Nikakosa siku kumi na saba. Mwalimu mmoja ndiye aliyemwambia Mama kwamba hili halitibiwi kwa habasoda.

Daktari anaitwa Jumana. Ni mtu mzima kidogo kuliko Mama, anavaa miwani, anaongea Kiarabu cha Nizwa taratibu sana. Chumba chake kina viti viwili, meza ndogo, na dirisha linalotazama gereji ya magari. Siku ya kwanza Mama aliingia pamoja nami, akiwa na thermosi ya kahawa, vikombe na kopo la tende, kama tunakwenda kuhani au kuposa. Akamimina. Daktari akanywa kimoja, akatikisa kikombe kuonesha kwamba imetosha. Kisha akaniuliza mimi kilichonileta, na Mama akajibu. Akaniuliza nalala vipi, Mama akajibu. Akaniuliza napenda nini, Mama akasema, "Anapenda samaki." Alisema kwa mapenzi, nawe unajua kwetu mkubwa ndiye anayesema mbele ya mgeni. Mara ya pili daktari akamwomba akae nje na thermosi yake.

Hapo nikabaki peke yangu, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Nataka ulielewe, kwa sababu nadhani wewe pia utalifanya.

Kila nikikaa, daktari alikuwa ananiuliza, "Wiki hizi mbili zimekuwaje?" Na mimi nilikuwa ninajibu, "Alhamdulillah, kheri." Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza hali unajibu njema, hata kama una homa. Habari mbaya zinakuja baadaye, baada ya kahawa, na ikiwezekana zinaletwa na mtu mwingine. Mimi nililichukua swali lake kuwa ni salamu. Alikuwa pia ananiuliza hofu yangu ni ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi. Nilisema tatu. Ilikuwa tisa. Nilisema tatu kama mgeni anavyosema ameshiba na sahani yake haijatiwa kitu.

Mara tano nilifanya hivyo. Daktari alifurahi, Baba alifurahi, na njiani tukirudi tulisimama Sinaw kunywa chai ya maziwa kwa furaha. Nami nilijiona nina adabu.

Mwezi wa nne shule ikaniandika nisome hekima ya siku kwenye mkusanyiko wa asubuhi. Mistari miwili tu, kwenye kipaza sauti. Daktari alikuwa amesema niko tayari, kwa sababu hofu yangu ni tatu. Nilishika karatasi, nikafungua mdomo, na nilichotoa ni chai ya asubuhi, mbele ya wasichana mia tatu. Nilikaa chooni mpaka kengele ya kipindi cha pili. Sitaandika zaidi kuhusu siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nizwa nikijua nitakemewa. Mama alikuwa ameshampigia daktari simu. Nilikaa nikatazama mikono yangu. Daktari akasema, "Rasha, mimi nimekosea. Nilizipokea zile tatu zako kwa sababu zilinipendeza. Nilipaswa kukuuliza mara ya pili."

Sijawahi kusikia mtu mzima akiniambia amekosea kabla mimi sijaomba radhi. Nikamwambia ukweli, kwamba ni tisa, na kwamba imekuwa tisa tangu mwanzo. Akauliza kama kuna kingine ambacho sijakisema. Nikamwambia kwamba sipendi anavyonitazama usoni ninapofikiri, inakuwa kama niko darasani. Nilipomaliza kusema nilitaka kukimbia, kwa sababu nilikuwa nimemkosoa mtu wa umri wa mama yangu ndani ya chumba chake mwenyewe.

Akainuka, akashika kiti chake, akakigeuza kielekee dirishani. Changu akakisogeza kando ya chake. Tangu siku hiyo tunakaa hivyo, bega kwa bega, tunatazama gereji. Yapo mambo nimeyasema huku nikimtazama fundi akifungua tairi ambayo nisingeweza kuyasema kwa namna nyingine yoyote.

Nimesoma pia, Shangazi, unanijua. Nilivyoelewa kwenye vitabu, watafiti wamebishana miaka mingi ni mbinu gani ya matibabu haya iliyo bora, na jambo moja linarudi kila mara: uhusiano kati ya wale wawili una uzito mkubwa. Kwamba mgonjwa anamwamini mtaalamu, kwamba wamekubaliana wanataka kufika wapi, na kwamba mambo yakienda kombo wanaweza kuambiana wakatengeneza. Kabla ya hapo nilidhani ni kama sindano, unakaa, daktari anafanya, unapona. Kumbe kwa mara tano nilikuwa napeleka mwili wangu Nizwa na kumwacha mtu mwenyewe nyumbani. Dawa ilianza siku niliyosema dawa haifanyi kazi.

Lakini mazungumzo peke yake hayakutosha. Kazi kubwa ilikuwa katikati, zile siku kumi na tatu ambazo daktari hayupo. Likizo ya kiangazi alinipa kazi ya kwenda soko la wanawake la Jumatano hapa Ibra, niulize bei za vitu vitatu kwa watu watatu, nisinunue, kisha niandike hofu ilikuwa ngapi kabla na baada. Bibi ndiye aliyenisindikiza, kwa hiyo ikabidi aambiwe ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kumbe hayo meno ni hadithi tu? Na mimi nimemsomea dua ya meno miezi mitano!" Alicheka mpaka akashika ukuta.

Sharti la daktari lilikuwa kwamba Bibi asinisemee. Unamjua mama yako. Tulisimama mbele ya mwanamke anayeuza viungo, mimi nimekauka, na Bibi kandoni amejaza mdomo ncha ya ushungi wake ili maneno yasitoke. Yule mwanamke akatutazama mmoja mmoja. "Binti, unanunua au unazihesabu?" Nikasema, "Hiliki… ni kiasi gani?" Akaniambia. Nikasema ahsante nikaondoka. "Kuja kote huko kusikia bei!" akatupigia kelele kwa nyuma. "Redio ingewaambia!" Bibi alipotoa ushungi mdomoni ulikuwa umelowa. Akasema hajawahi kufunga saumu ngumu kama ile.

Niliandika kwenye daftari: kabla, nane, baada, sita. Jumatano ya pili: nane, tano. Ya nne: sita, tatu, na tatu ya safari hii ilikuwa ya kweli. Yule wa viungo alikuwa ananiona kwa mbali na kutangaza, "Anakuja binti wa bei." Jumatano ya mwisho nilinunua hiliki, kwa sababu niliona aibu kwake, na hiyo ilikuwa aibu ya kawaida kama ya watu wengine.

Kuna mambo ambayo tiba hii haikufanya, nikuambie usije ukategemea. Haikuondoa haya zangu. Daktari anasema haya si ugonjwa, na kwamba hatutafuti Rasha mwingine. Kuna Jumamosi nilirudi nimechoka na sijaona faida yoyote. Kuna moja nilirudi na hali mbaya zaidi kuliko nilivyokwenda, kwa sababu tulikuwa tumegusa jambo la zamani, na wiki nzima nilikuwa na hasira na kila mtu mpaka paka. Baba alitaka kuacha wakati ule. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba inaweza kutokea, na kwamba ikitokea nirudi tu. Nikarudi. Nimesoma pia kwamba si kila mtaalamu anamfaa kila mtu, na ukimpa mtaalamu mmoja muda wa kutosha na mkashindwana, unaruhusiwa kutafuta mwingine. Si utovu wa adabu.

Kuhusu dini, najua utauliza. Bibi aliuliza kabla yako. Alitaka nisomewe, na nilisomewa, na bado naamka nakuta bilauri ya maji yaliyosomewa kando ya kitanda. Nilimwambia daktari nikidhani atacheka. Akaniuliza Bibi anasoma sura zipi, kisha akasema nisiache kuyanywa. Hajawahi kuniambia nichague kati yake na bilauri ile. Bibi aliposikia hivyo alisema huyo amelelewa vizuri, na safari iliyofuata alimpelekea mkate wa mofa.

Nilichokipata ni kidogo ukikitaja. Wiki iliyopita, kwenye somo la historia, nilinyanyua mkono mwenyewe nikasoma mistari mitano. Sauti ilitetemeka mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu akasema "endelea" kwa anayefuata, kama vile ni jambo la kila siku, nami nikakaa nikaona kwamba ndicho hasa nilichokuwa nakitaka.

Na kuna kingine, ambacho hakikuwa kwenye orodha tuliyoandika na daktari. Mwezi wa pili nilidhani ninakwenda kujifunza kusema mbele ya watu. Kumbe nilikuwa pia ninajifunza kujua ninachotaka kusema. Mfano wake ni wa leo.

Leo mchana tulikuwa kwenye sinia baada ya sala ya Ijumaa. Nikasema, "Baba, nataka kumwandikia Shangazi ukweli wa Nizwa."

Baba hakunyanyua kichwa. "Ukweli gani? Meno ni meno."

"Meno yangu mazima, Baba."

"Onesha!" akasema Azzan.

"Wewe kula," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, watu watasema nini? Ukiposwa kesho?"

"Mama, sijaposwa. Na Shangazi hapati usingizi."

Baba akasema Shangazi wako ni mtu mzima, ana akili zake, karatasi ameichana mwenyewe. Nikasema aliichana kwa sababu alijua sisi sote tutacheka, na kwamba mimi ningeweza kumwambia akachukue nyingine nikakaa kimya, na sitaki kukaa kimya tena. Sijawahi kumjibu Baba hivyo mbele ya chakula. Ningesema hofu ilikuwa nane. Bibi akaliweka tonge lake chini akasema, "Hamood, mtoto anasema na wewe." Baba akanawa akatoka.

Baada ya alasiri akaja mlangoni kwangu, ameshika bahasha na kopo la gundi. Akakaa kitandani. Akaniomba nimwekee ile sauti yako ya kundi, kwa sababu, alisema, yeye hakuisikiliza mpaka mwisho, alicheka ikiwa katikati.

Mwisho wake mimi naujua. Baada ya kusema umewashia jiko, unacheka, kisha cherehani iliyokuwa ikisikika nyuma yako inasimama. Halafu hakuna sauti yoyote kwa sekunde tisa. Nimezihesabu mara nyingi. Halafu unasema, "Haya, mlale salama," na sauti si ile ya mwanzo.

Baba alizisikiliza zile sekunde tisa ameinamisha kichwa. Akasema, "Mwambie dada yangu kwamba wa kwanza kucheka ni mimi. Liandike hivyo hivyo." Nimeliandika. Kisha akasema nikuambie pia kwamba kila Jumamosi ya pili yeye anakaa ndani ya gari nje ya pale Nizwa saa nzima, na wewe ukienda, siku hiyo utampigia na atakaa kwenye simu muda huo huo akikungoja, hata kama hamna la kusema.

Mimi sijafiwa na mume, Shangazi. Huzuni yako siijui na sitaki kujifanya ninaijua. Ninaijua ile njia ya kuificha, kwa sababu ni yangu pia na tumeirithi nyumba moja. Wewe unaificha kwa mzaha na mimi kwa kimya, lakini tatu zetu ni zile zile.

Kwa hiyo nakuomba. Rudi kwa yule daktari, mwambie karatasi imepotea, au mwambie umeichana, atakuandikia nyingine. Nenda siku atakayokuandikia. Usiende na mtu atakayekujibia. Mwone mara tano au sita kabla ya kuhukumu. Akikuuliza hali yako, usimjibu kama mtu mliyekutana sokoni, maana yeye hakusalimii, anauliza. Na akikuudhi, mwambie kwamba amekuudhi. Ukinyamaza, hata awe hodari namna gani, atakuwa anamtibu mtu ambaye hayupo.

Kama baada ya hapo utaona haifai, nitanyamaza na sitakuuliza tena. Meno yangu unaweza kumwambia yeyote umpendaye. Nimeshazoea wazo hilo. Ni kama nne.

Baba na Mama wanakusalimu, Mama anasema kitambaa cha kijani ukishone wewe mwenyewe uvae, usimpe mtu. Azzan anakuamkia na anataka ujue alama zake ni tisini na sita. Bibi anasema mwanawe ni mwanawe hata akiwa na mvi, anakuombea kila sala, na amekupelekea kichupa cha maji kimefungwa ndani ya kanga. Uyanywe na ukaonane na mtu, vyote viwili. Nisalimie Ngwali, na jirani anayenenepa. Mungu akuhifadhi, akupe usingizi mwema, na amrehemu Baba Ngwali.

Mudrick atarudi huku mwezi wa kwanza na ameahidi kupitia kwako kuchukua jibu. Ukiniandikia, safari hii usianze na hujambo na habari za nyumbani. Nitajua tu kwamba mnatupenda. Anza na sahani ya pili.

Mwanao akupendaye, mwenye meno yake yote,

Rasha binti Hamood